Mama mkwe anapuliza dawa ya mbu, mwanangu anabanwa kifua

SWALI

Mshauri, salaam.

Nina miaka 29, nimeolewa, nina watoto wawili: wa kike yuko darasa la pili, na wa kiume ametimiza miaka minne mwezi wa tatu. Tumepanga vyumba viwili Temeke. Choo cha shimo cha nyumba nzima kiko nyuma ya dirisha la chumba cha watoto, kwa hiyo mbu wa kwetu ukiwasikia jioni utadhani kuna harusi.

Mama mkwe alikuja kutoka Ifakara mwezi wa pili kutibiwa macho, akabaki nasi. Kukaa kwake sikulalamikii. Mimi nauza vitafunwa asubuhi, na bila yeye sijui huyu mdogo ningemwachia nani. Tatizo langu ni kopo. Kila siku baada ya Magharibi anafunga madirisha yote, anachomeka kanga chini ya mlango, halafu anapuliza dawa ya mbu kuanzia juu ya dari hadi uvunguni, kwenye vitanda, hata kwenye chandarua chenyewe. Baada ya dakika tano anawaingiza watoto kulala. Hatufungui kitu mpaka asubuhi, eti dawa isitoke. Kopo la mililita 300 halimalizi siku kumi na moja. Ni makopo matatu kwa mwezi, na kila moja ni kama shilingi elfu tisa.

Mdogo alianza kukohoa usiku tangu mwezi wa nne. Ni kikohozi kikavu, saa saba au saa nane, anaamka anakaa kitako, kifua kinalia kama filimbi. Nimempeleka zahanati mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa ni baridi, mara mbili nikapewa dawa za antibayotiki. Lakini tumelala kwa dada yangu Kibaha wikiendi mbili na hakukohoa hata kidogo. Jumapili tunarudi, usiku uleule kikohozi kinarudi.

Nilimweleza mume wangu. Mdogo wake alifariki kwa malaria akiwa na miaka mitatu, mama akiwa amembeba mgongoni njiani kwenda hospitali. Mume akanijibu: "Waliokufa kwa dawa ya mbu siwajui. Aliyekufa kwa malaria nilimzika." Nikanyamaza. Ningesema nini?

Mwezi uliopita nilificha kopo kwenye ndoo ya unga. Mama akalikuta. Hakunigombeza. Alikaa siku mbili bila kuniongelesha, halafu akamwambia jirani, kwa sauti ya kunifikia, kwamba kuna wanawake hawajui uchungu wa kuzika.

Sasa nimewaza mambo matatu. Nimpeleke mtoto Kibaha mpaka mama arudi kwao, au nilete dawa ya mbu ya kuchoma badala ya kopo, au nimwambie mume achague moja. Pia naogopa kuwa sumu imeshakaa kwenye damu ya mtoto. Mimi najitahidi: kila asubuhi napuliza marashi ya hewa ya lavenda vyumbani ili ile harufu ya dawa iishe kabla watoto hawajanywa chai. Nisaidie.

Mama wa wawili, Temeke

JIBU

Dada yangu, pole kwa kukesha. Mzazi anayesikiliza kifua cha mtoto gizani halali hata mtoto akilala.

Nikikusoma, naona hivi. Mtoto anabanwa kifua usiku. Bibi yake anapuliza dawa kwa sababu amewahi kumpoteza mwana kwa malaria. Mume amebaki na kaburi la mdogo wake moyoni, na kila ukilitaja kopo yeye anasikia umelitaja kaburi. Wewe umefika mahali unaona lazima mmoja ashinde: mbu au kifua, mama mkwe au wewe. Hapo ndipo ningependa tusimame kidogo, maana wewe na mama mkwe mnaogopa kitu kimoja, kumpoteza mtoto huyohuyo.

Kwanza hofu ya damu, tuiweke pembeni ili ufikiri vizuri. Dawa nyingi za mbu za kopo hutumia jamii ya viuatilifu vilivyoigwa kutoka kwenye ua la pareto, lile linalolimwa Mufindi, Mbeya na upande wa Nakuru kule Kenya. Soma nyuma ya kopo, utakuta majina kama saipamethrini, tetramethrini, imiprothrini. Kwa mdudu hizi ni kifo kwa sababu zinaivuruga mishipa yake ya fahamu. Kwa binadamu ini huzivunjavunja haraka, na sehemu kubwa hutoka kwenye mkojo ndani ya siku chache. Kwa hiyo usimtazame mwanao kama mtu aliyewekewa sumu ya maisha. Shida ninayoiona kwenye barua yako iko kwenye njia ya hewa, na njia ya hewa ikiachwa ipumzike ina tabia ya kutulia. Wikiendi mbili za Kibaha ndizo zinazonipa matumaini.

Ila geuza kopo usome tena. Hicho kiuatilifu mara nyingi hakifiki hata asilimia moja ya kilichomo. Kinachobaki ni kiyeyusho, ambacho kwenye makopo mengi ni ndugu wa mafuta ya taa, pamoja na gesi ya kusukuma, ambayo siku hizi ni butani na propani, ileile ya mtungi wa jikoni. Ndiyo maana kauli ya "hii ni pareto, ni ya asili" hainishawishi sana. Hata pareto ingekuwa salama kama maji, mtoto hapumui pareto peke yake.

Tufanye hesabu ndogo. Mililita 300 kwa siku kumi ni mililita 30 kila usiku, yaani vijiko sita vya chai. Vijiko sita vya kimiminika vinageuzwa ukungu ndani ya vyumba viwili vilivyozibwa, mpaka kanga chini ya mlango. Matone makubwa huanguka sakafuni, mezani, kwenye shuka. Madogo hubaki yakielea, na yale yasiyofika mikroni 10 (unywele mmoja una unene wa kama mikroni 70) ndiyo yanayopita koo na kushuka kwenye vijia vyembamba vya kifua. Pale vijia vinavimba kidogo, misuli inayovizunguka inakaza, kamasi linaongezeka, na hewa inayopita kwenye tundu dogo inapiga filimbi. Ndiyo sauti unayoisikia saa nane. Mtu mzima akitulia anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, mtoto wa miaka minne anapumua mara 20 hadi 30, na vijia vyake ni vyembamba kuliko vyako. Hewa ni ileile, lakini ukiangalia udogo wa mwili wake, yeye anavuta nyingi kuliko bibi yake.

Na zile dakika tano? Karibu kila kopo limeandikwa lifuatwe hivi: toa watu, funga, puliza sekunde chache, toka, subiri dakika 15 hadi 20, kisha fungua hewa ipite kabla ya kuingia. Mama anafuata nusu ya kwanza vizuri kabisa. Nusu ya pili anaiacha, na simshangai. Ukifungua madirisha saa moja usiku Temeke, mbu uliowaua wanabadilishwa na wengine kabla hujageuka. Maelekezo ya kopo yameandikwa kana kwamba kila nyumba ina nyavu madirishani. Nyumba isiyo na nyavu, mtu huchagua kufunga.

Sasa niruhusu nikuulize mambo ambayo huenda hutayapenda.

Una uhakika ni dawa ya mbu pekee? Ushahidi wako ni mzito, kikohozi kinakwisha Kibaha na kurudi Temeke. Lakini Kibaha kuna mengine pia ambayo hayapo kwako, au yapo kwako na hayapo kule. Vitafunwa unakaangia wapi, na ni jiko la mkaa? Moshi wake unaingia chumbani? Kuna udi unaofukizwa Alhamisi usiku? Godoro la watoto lina umri gani, na mende wapo? Mende na vumbi la godoro huamsha pumu sawasawa na dawa. Sikuulizi ili kumtoa mama mkwe hatiani. Nauliza kwa sababu ukimwendea na sababu moja, kisha kopo likaondoka na kikohozi kikabaki, hutasikilizwa tena katika nyumba hiyo.

Lingine ni marashi ya lavenda. Najua ulikuwa unamsaidia mtoto. Lakini marashi ya hewa hayaondoi dawa chumbani, yanaongeza ukungu mwingine juu yake na kuidanganya pua. Utafiti uliofanyika katika nchi 10 za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2007, ukihusisha watu wazima zaidi ya 3,500, uliona kwamba waliotumia dawa za kupuliza za usafi nyumbani angalau mara moja kwa wiki walipata dalili za pumu zaidi ya wasiotumia, na marashi ya hewa yalikuwa miongoni mwa yaliyohusika. Kwa hiyo kifua cha mwanao kinapata awamu ya jioni kutoka kwa bibi na awamu ya asubuhi kutoka kwa mama. Usijichukie kwa hilo. Kwanza linakupa mlango mzuri wa kuingilia kwenye mazungumzo, kama nitakavyokueleza.

Na jingine: kopo linaua mbu kweli? Angalia asubuhi. Dawa hizi nyingi zina sehemu ya kuwaangusha mbu haraka na sehemu ya kuwaua. Mbu wa Afrika Mashariki, wale wa malaria na hata wale wa vyoo vya shimo, wamejenga usugu mkubwa dhidi ya jamii hii ya dawa. Wanaanguka, mtu anaridhika, na baada ya saa chache wengine wanajikung'uta na kuruka. Mwambie binti yako wa darasa la pili afagie mbu walioanguka, awatie kwenye glasi iliyofunikwa kwa kitambaa, awahesabu asubuhi wangapi wanatembea. Watoto wa umri huo hupenda kazi za namna hiyo, na bibi ataona mwenyewe bila wewe kufungua mdomo. Aoshe mikono kwa sabuni akimaliza.

Tuje kwenye mawazo yako matatu.

Kibaha. Kwa wiki mbili, kifua kitulie, inaweza kufaa, na dada yako tayari anamjua mtoto. Lakini kumpeleka "mpaka mama arudi kwao" ni muda usio na mwisho, na kila mtu nyumbani atajua maana yake. Mama ataelewa kwamba yeye ndiye aliyemfukuza mjukuu. Tena Kibaha nako kuna mbu, kwa hiyo chandarua kiende naye. Na kama ni pumu, itamfuata popote patakapokuwa na moshi au vumbi.

Dawa ya kuchoma. Hapa naomba ufikiri mara mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima dawa za mviringo za kuchoma zilizokuwa zikiuzwa China na Malaysia. Moshi wa moja, ikiungua hadi mwisho, ulitoa chembe ndogo zinazoingia mapafuni sawa na za sigara 75 hadi 137. Kwa kifua kinachopiga filimbi, utakuwa umehama kutoka kwenye ukungu kwenda kwenye moshi. Zile za umeme za kichupa hazina moshi, lakini zinatoa kiuatilifu usiku kucha kichwani pa mtoto, nazo zinadai hewa ipite. Ukiona mtu anauza kichupa kisicho na lebo sokoni, au lebo imeandikwa DDVP, hicho usikiingize chumbani kabisa. Ni jamii nyingine ya sumu, na kwa binadamu ni kali zaidi.

Kumwambia mume achague. Hili ni lako, mimi siwezi kukuamulia. Ninachoona ni kwamba ukimwekea mezani mama yake na mwanawe, atamtetea mdogo wake aliyekufa, kwa sababu huyo hawezi kujitetea. Huenda akachagua wewe, na ushindi huo ukakaa kama mwiba mguuni mwenu kwa miaka.

Kuna njia ambazo hukuzitaja. Zina gharama na hatari zake pia.

Moja ni kuacha kopo na kutegemea chandarua. Mbu wa malaria wanauma zaidi usiku watu wakiwa wamelala, kwa hiyo chandarua chenye dawa kinafika mahali penyewe. Lakini chako kiko vipi? Kishike mchana dirishani, ukiangalie dhidi ya mwanga. Tundu linalopitisha kidole gumba linapitisha mbu. Lishone kwa sindano na uzi. Kichomeke chini ya godoro pande zote nne, si kukiachia kining'inie. Kama mtoto analala akikigusa kwa mguu au kiwiko, mbu atamuuma akiwa nje ya neti, kwa hiyo kitanda kidogo kwa watoto wawili kinahitaji chandarua kikubwa kuliko unavyodhani. Kukipulizia dawa ya kopo hakukiongezei nguvu, kunamwekea tu mtoto dawa karibu na pua. Kukifua iwe kwa sabuni ya kawaida na maji baridi, kukianika iwe kivulini, maana jua linaila dawa yake. Udhaifu wa njia hii ni kwamba haisaidii saa za jioni watoto wakiwa sebuleni au uani, wala haiwagusi mbu wa dengi wanaouma mchana. Dar es Salaam mliwaona hao mwaka 2014 na tena 2019. Hao huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama, kwenye ndoo, makopo na matairi, na dawa yao ni kumwaga na kufunika kila wiki.

Nyingine ni kuacha kopo libaki lakini saa ibadilike. Mbu wa vyoo vya shimo wanaoingia usiku hushinda mchana humohumo ndani: uvunguni, nyuma ya kabati, kwenye nguo zilizotundikwa mlangoni. Kwa hiyo hakuna ulazima wa kupuliza baada ya Magharibi. Saa kumi alasiri, watoto wakiwa nje, funika maji na chakula, ondoa miswaki, kunja shuka na mito uitoe. Jiko la mkaa liwe mbali na lisiwe na moto, maana ile gesi inawaka. Puliza sekunde tano kila chumba, chini na pembeni, kopo likiwa mbali na uso wa anayepuliza. Toka, funga, subiri dakika 20. Saa kumi na moja kasorobo fungua milango na madirisha yote, hewa ipite kutoka upande huu kwenda ule. Futa sakafu na meza kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kwa kuwa huko ndiko matone yalikotua, na mtoto wa miaka minne anacheza chini na mkono unakwenda mdomoni. Saa kumi na mbili kasoro, kabla jua halijazama, funga. Watoto wanaingia kulala saa mbili kwenye chumba kilichopata hewa saa nzima. Mama amepuliza dawa yake, mbu wamepungua, na ukungu umetoka. Hatari iliyopo ni kwamba kifua ambacho tayari kimekasirika kinaweza kushtuka hata kwa masalia, kwa hiyo kwa mdogo ningeanza na wiki mbili ambazo chumba chao hakipulizwi kabisa, halafu mpime.

Ya tatu ni nyavu za madirisha, na hapa nakiri ninaegemea. Wavu wa mbu unauzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Pima dirisha, ongeza sentimita tano kila upande, uvute ukaze, uugongee kwa fito nyembamba na misumari midogo, kwa ndani. Usisahau upenyo kati ya ukuta na bati kama hakuna dari, wala tundu la juu ya mlango. Nyumba ni ya kupanga, kwa hiyo muulize mwenye nyumba kwanza. Wengi hawakatai kitu wasichokilipia. Makopo matatu ni kama elfu ishirini na saba kila mwezi, na wavu unanunuliwa mara moja ukakaa miaka. Wakati uko kwenye mazungumzo hayo, uliza pia kuhusu bomba la hewa la choo kufungiwa wavu juu yake na mfuniko wa shimo kuzibwa vizuri. Harusi yenu ya mbu inaanzia pale.

Kuhusu mtoto mwenyewe, mpeleke kituo cha afya au hospitali ya wilaya akaonwe na daktari, na sema maneno haya: kifua kinalia filimbi usiku, kimejirudia tangu mwezi wa nne, kinapotea akilala kwingine, nyumbani tunapuliza dawa kila siku. Usiseme tu "anakohoa", maana kwa neno hilo utapewa antibayotiki ya nne. Antibayotiki inaua bakteria, haiwezi kulegeza misuli iliyokaza. Daktari akiona ni pumu anaweza kumwandikia pampu ya salbutamoli, dawa ya kuvuta inayolegeza misuli hiyo, na mtoto wa umri huo haipulizi moja kwa moja mdomoni, anahitaji chombo cha kati, kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Kama hakipatikani, muulize daktari kuhusu chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita. Utafiti wa Cape Town wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kwa watoto wenye pumu ilifanya kazi sawa na cha dukani. Kitako cha chupa kinatobolewa kwa waya wa moto, tundu lenye umbo na ukubwa wa mdomo wa pampu, pembeni panazibwa kwa gundi. Gundi ikikauka, chupa inaoshwa kwa maji na sabuni ya vyombo na kuachwa ikauke bila kufutwa, kwani plastiki iliyosuguliwa kwa kitambaa hunasa dawa ukutani. Mtoto anaweka midomo kwenye shingo ya chupa, pampu inatikiswa, inabonyezwa mara moja, anapumua taratibu mara tano au sita, ndipo ya pili ikihitajika. Kiasi na muda ni vya daktari.

Usiku kifua kikilia, mfunulie kifua, hesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja ambaye hajafika miaka mitano, 40 au zaidi akiwa ametulia ni haraka mno. Ukiona nyama kati ya mbavu inazama kila akivuta, hawezi kumaliza neno, au midomo imekuwa ya kijivu au bluu, ondokeni saa hiyohiyo. Na ikitokea siku mtu amepuliziwa usoni, mtoeni kwenye hewa, macho yaoshwe kwa maji yanayotiririka dakika 15. Aliyekunywa asitapishwe wala asipewe maziwa, kwa sababu kile kiyeyusho kikipanda na kuingia mapafuni kinaleta madhara makubwa kuliko kikiwa tumboni. Mwende hospitali na kopo lenyewe mkononi.

Homa nayo isidharauliwe. Siku mtoto akipata homa, apimwe malaria siku hiyohiyo, na mama mkwe awe wa kwanza kuambiwa majibu. Ukimficha homa ili kutetea hoja yako ya kopo, atakuwa na haki ya kukulaumu.

Sasa, utasema nini? Nisingeanza na kopo, ningeanza na lavenda. Mchana mmoja mkiwa wawili, mnachambua mchele, mwambie: "Mama, nimegundua marashi yangu ya asubuhi yanamkaba mtoto, nimeyaacha." Mtu aliyeanza kwa kukiri lake hasikiki kama mshitaki. Kisha mpe uzito wake: "Wewe homa unazijua kuliko mimi. Naomba chandarua kiwe mkononi mwako, ukikague na kukichomeka kila usiku, mimi huwa nachoka nakiachia." Hiyo si hila. Mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni hadi pumzi ikakatika anahitaji kufanya kitu kwa mikono yake kila jioni, na ukimnyang'anya kopo bila kumpa kingine, umemwacha na ile njia ya hospitali kichwani.

Halafu kuna macho yake. Mtu anayetibiwa macho akipuliza kuelekea darini, matone yanamrudia usoni. Nenda naye kliniki yake ya macho siku yake ya miadi inayofuata, na mbele ya mhudumu uliza kama kupuliza dawa kila jioni kunafaa kwa macho yanayotibiwa. Neno la mhudumu wa kliniki halitoki kwa mkwe.

Na mume? Usimjibu kuhusu mdogo wake, hapo hakuna jibu. Mwombe tu akeshe nawe usiku mmoja, saa saba hadi saa tisa, aweke sikio lake mgongoni kwa mtoto. Mpe simu ahesabu pumzi. Kesho yake ndipo umwambie ungependa fedha ya makopo ya mwezi huu inunue wavu, na umsikilize atasema nini. Inawezekana atakataa. Inawezekana atataka vyote viwili, wavu na kopo, na ukakubaliana naye kuhusu saa kumi alasiri. Inawezekana pia mama akaona umemzunguka. Wewe ndiye unayezijua sauti za nyumba hiyo, na wewe ndiye utakayejua uanze na lipi.

Ule unga wa ndooni, uunuse. Kama kopo lilivujia humo, usisonge ugali, umwage.